Hesabu ikishafanywa na mashine, mshauri wa mali tunamlipa kwa kazi gani hasa?

#1 Kalamu Nyeusi

Wakuu, salaam.

Baba alifariki akamwachia mama hisa, hati fungani na fedha taslimu, mali ambayo aliisimamia mwenyewe kwa zaidi ya miaka 20 akiandika kila kitu katika daftari moja lenye jalada gumu. Mama hakuwahi kulifungua daftari hilo. Wiki ya tatu baada ya mazishi niliingiza takwimu zote katika programu ya uwekezaji inayotumia akili bandia, nayo kwa muda usiozidi dakika mbili ikanipa mpango kamili: uza hisa za kampuni moja ambayo peke yake imebeba karibu nusu ya mali yote, sambaza fedha kwenye mifuko ya fahirisi (inayonunua hisa za kampuni nyingi kwa pamoja kwa kufuata soko), toa kiasi fulani kila mwaka. Niliupitia mpango ule mara tatu na sikuona kosa hata moja la hesabu.

Baadaye nilimpeleka mama kwa mshauri wa uwekezaji. Yule bwana alilifungua daftari, akasoma kurasa kadhaa bila kusema neno, kisha akaweka kalamu chini na kumwuliza mama, "Hizi hisa mzee alizinunua lini, na ni nini kilimfanya asiziuze?" Mama alizungumza kwa muda wa saa nzima. Mwisho mshauri akashauri tutenge fedha za matumizi na tusiguse kitu kingine chochote kwa miezi sita.

Programu inatoza asilimia 0.25 ya mali kwa mwaka. Mshauri anatoza asilimia 1, na ushauri wake, ukiupima kwa maandishi, ni kutofanya kitu. Sisemi kwamba hana kazi, kwa maana nilimwona mama akipumua vizuri alipotoka pale. Ninachoomba ni kazi hiyo itajwe kwa jina lake, ili nijue kama inastahili bei hiyo.

#2 Tarakimu

Poleni na msiba. Tuanze na bei, maana wengi husikia "asilimia 1" wakadhani ni kitu kidogo. Chukua mtaji wa 100 unaokua kwa asilimia 6 kwa mwaka kabla ya ada. Ukilipa asilimia 1, baada ya miaka 30 utakuwa na takriban 432. Ukilipa asilimia 0.25, utakuwa na takriban 535. Tofauti inazidi mtaji wenyewe ulioanza nao. Mshauri yeyote anayetaka kunishawishi aanze kwa kunieleza ile 103 imekwenda wapi.

#3 Nahodha Mzee

Nimefanya kazi hiyo ya ushauri mpaka nikastaafu, kwa hiyo niruhusuni nijibu. Jina la kazi ni kumzuia mtu asijidhuru. Kuanzia tarehe 19 Februari hadi tarehe 23 Machi 2020 fahirisi ya S&P 500, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, ilianguka kwa takriban asilimia 34, na kufikia tarehe 18 Agosti mwaka huohuo ilikuwa imekwisha kurejea na kuvuka kilele chake cha awali. Aliyeuza katikati ya Machi na kusubiri "hali itulie" alijikatia hasara ambayo soko halikumlazimisha kuipata.

Katika siku zile mteja wangu mmoja alinipigia simu mara nne kwa siku moja. Mara tatu za kwanza aliuliza kuhusu soko, nami nikamjibu kwa takwimu ambazo tayari alikuwa nazo. Mara ya nne aliniuliza kama mimi mwenyewe nimeuza zangu. Nilimwambia sijauza. Akakata simu, na hakuuza. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba uchungu wa kupoteza humwelemea mtu kuliko furaha ya kupata kiasi kilekile. Mwenye uchungu huo hatafuti jedwali jingine, anamtafuta mtu ambaye fedha zake ziko katika moto uleule.

#4 Fundi Msimbo

Mimi huandika programu za aina anayoisema mleta mada, hivyo najua zinavyofanya kazi kwa ndani. Kumzuia mtu asiuze si siri ya wanadamu. Katika programu tuliyoitengeneza, aliyebonyeza kitufe cha kuuza wakati soko limeanguka alipelekwa kwanza kwenye ukurasa uliomwonyesha kodi atakayodaiwa, kisha akatakiwa aandike kwa maneno yake sababu ya kuuza. Wengi walifika kwenye kile kisanduku cha kuandika, wakakitazama, wakaondoka. Wachache walituandikia matusi, lakini hata hao wakawa wametulia kidogo.

Zaidi ya hayo, kampuni ya Betterment, inayowekeza fedha za watu kwa programu kama hizi, iliwahi kusimamisha kabisa mauzo ya wateja wake siku soko lilipoporomoka, mwezi Februari 2018. Hiyo ni mashine iliyofanya kazi ya Nahodha kwa wateja wote kwa mpigo mmoja.

#5 Jicho la Tatu

Fundi, umechanganya matukio mawili. Betterment walisimamisha mauzo kwa takriban saa mbili na nusu asubuhi ya tarehe 24 Juni 2016, baada ya Uingereza kupiga kura ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya. Tarehe 5 Februari 2018, fahirisi ya Dow ilipoanguka kwa pointi 1,175, kilichotokea ni kwamba tovuti za Betterment na mwenzake Wealthfront zilipata hitilafu na baadhi ya wateja wakashindwa kuingia.

Hata lile la 2016 haliwezi kuhesabiwa kuwa ni busara ya mashine. Uamuzi wa kusimamisha ulitolewa na watu, na walilaumiwa kwa sababu wateja walijua habari baadaye. Tusiipe programu sifa za waliokaa nyuma yake.

#6 Fundi Msimbo

Shukrani kwa sahihisho, nakubali. Lakini umenisaidia bila kukusudia, kwa kuwa hoja yangu ni hiyohiyo: mtu yumo ndani ya mashine tangu mwanzo. Kuna aliyeamua ule ukurasa wa kodi uwekwe kabla ya kitufe na wala si baada yake. Tunabishana kana kwamba kuna upande wenye mtu na upande usio na mtu, ilhali tofauti iliyopo ni kwamba mmoja humwona uso na mwingine humwoni.

#7 Binti Mizania

Nashangaa jinsi mshauri wa kibinadamu anavyopakwa asali katika uzi huu. Watafiti Linnainmaa, Melzer na Previtero walichunguza washauri wa fedha nchini Kanada, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2021: washauri wengi huwekeza mali zao wenyewe kwa makosa yaleyale wanayowashauri wateja wayafanye. Hufukuzia mifuko iliyofanya vizuri jana, hulipa ada kubwa, hawasambazi mali ipasavyo. Kwa hiyo lile swali la mteja wa Nahodha, "na wewe umeuza zako?", lina hatari yake. Inawezekana mshauri hajauza zake kwa sababu naye amepotea njia ileile.

Na kama ni utu, hakuna aliyekuwa nao mwingi kama Bernard Madoff, tapeli wa uwekezaji wa Marekani. Wateja walimjua kwa sura, walikutana naye katika vilabu na hafla za hisani, na wengine waliona ni heshima kubwa kukubaliwa wawe wateja wake. Alikamatwa Desemba 2008, akahukumiwa kifungo cha miaka 150 mwaka uliofuata. Hesabu zilikuwa zikipiga kelele kwa miaka. Harry Markopolos aliziona na kuwapelekea SEC, tume inayosimamia masoko ya mitaji ya Marekani, maonyo zaidi ya mara moja. Kilichoziba masikio ya watu ni ule ule mkono begani tunaousifu hapa.

#8 Nahodha Mzee

Binti, hilo la Madoff linauma kwa kuwa ni kweli. Nitakiri na jingine: katika miaka yangu ya mwanzo nililipwa kamisheni na wauzaji wa mifuko, na zipo bidhaa nilizoziamini kwa dhati ambazo leo naona niliziamini kwa sababu zilinilipa. Hakuna aliyenituma kudanganya. Niliona tu faida zake haraka zaidi kuliko nilivyoona kasoro zake. Uingereza walipiga marufuku kamisheni za namna hiyo kwa ushauri mpya kuanzia mwisho wa mwaka 2012, na nadhani walifanya vyema. Lakini makosa ya muuzaji hayafuti kazi ya mshauri.

#9 Mpita Njia

Samahani kwa kuingilia. Mleta mada ameandika "akili bandia", mahali pengine nasoma "akili mnemba", na kuna wanaosisitiza "akili unde". Kabla hatujaikabidhi mali ya wajane, haingekuwa vyema tukubaliane kwanza jina lake?

#10 Binti Mizania

Mpita Njia, meno bandia hutafuna vizuri tu na hakuna anayeyadharau kwa jina lake. Pita salama.

#11 Bi Subira

Nimesoma kimya tangu juzi, sasa niseme langu. Mimi na mume wangu tulijaza dodoso la programu moja kabla ya kuwekeza. Yalikuwa maswali machache, na moja liliuliza, "Mali yako ikishuka kwa asilimia 20 katika mwezi mmoja, utafanya nini?" Wiki ile soko lilikuwa limepanda, nami nikachagua "nitanunua zaidi" kwa ujasiri ambao hata sijui ulitoka wapi. Tukapewa alama ya watu wasioogopa hatari, na karibu mali yote ikawekwa kwenye hisa.

Jambo ambalo dodoso halikuuliza ni kwamba mume wangu alikuwa amemdhamini ndugu yake mkopo, na ndugu huyo alikuwa ameanza kuchelewesha malipo. Fedha zile zingeweza kuhitajika mwezi wowote. Tulipokwenda baadaye kwa mshauri, naye hakuuliza. Tuliondoka salama kwa bahati tu: simu ya mume wangu iliita mara mbili katikati ya mazungumzo, mara ya pili akatoka nje kuipokea, na aliporudi mshauri akamtazama usoni akasema, "Kuna tatizo?" Hapo ndipo habari ya mkopo ilipotoka, na mpango wote ukabadilika.

Tangu siku hiyo sijui niseme nini. Mshauri alituokoa, lakini alituokoa kwa sababu simu iliita. Isingeita, angetupa mpango uleule wa programu kwa ada kubwa zaidi.

#12 Tarakimu

Hiki ndicho kisa cha manufaa zaidi katika uzi huu mpaka sasa, na ni aibu kwa pande zote mbili. Swali la "je, umemdhamini mtu mkopo?" ni mstari mmoja wa dodoso. Fundi, kwa nini haumo?

#13 Fundi Msimbo

Haumo kwa sababu kila swali linaloongezwa hupunguza idadi ya wanaofika mwisho wa fomu, na wanaopimwa kazini hupimwa kwa idadi ya waliofika mwisho. Nasema hivi nikiwa nimekaa katika vikao hivyo. Hata hivyo, programu mpya za mazungumzo hazina fomu. Humwacha mtu azungumze, humrudisha nyuma, humwuliza alichoacha. Nimezijaribu, na zinauliza kuhusu madeni ya ndugu bila hata kusubiri simu iite.

#14 Jicho la Tatu

Nami nimezijaribu, na nilifanya jaribio dogo ambalo yeyote anaweza kulirudia. Nilieleza hali yangu ya fedha kwa sauti ya mtu mwenye hofu, nikaambiwa kupunguza hisa ni hatua ya busara. Nikaanza mazungumzo mapya, takwimu zilezile, sauti ya mtu jasiri, nikaambiwa kuongeza hisa kunaendana na malengo yangu. Haikudanganya mahali popote. Ilinifuata nilikokuwa nikielekea. Mshauri anayefuata hofu yako ni yule ambaye Nahodha anasema tumlipe ili asifanye hivyo.

Wala si jambo jipya kwa watu kufungua moyo mbele ya mashine. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alieleza programu yake iitwayo ELIZA, ambayo karibu kazi yake yote ilikuwa kumrudishia mtu maneno yake kwa umbo la swali. Katibu wake, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Kwa hiyo mama wa Kalamu kuzungumza kwa saa nzima hakuthibitishi kwamba aliyekuwa mbele yake alifanya kazi ya ushauri. Huenda kilichohitajika ni swali moja zuri na ukimya.

#15 Wakili Mstaafu

Mnazunguka jambo ambalo kwangu ndilo kiini, nalo ni nani atakayejibu mambo yakiharibika. Mshauri mwenye leseni ana jina, ana sahihi, na katika mifumo mingi ana wajibu wa kisheria wa kutanguliza maslahi ya mteja. Ada unayomlipa kwa sehemu ni bei ya kuwa na mtu wa kumwita mbele ya baraza.

#16 Binti Mizania

Wakili, hoja hiyo haiendi mbali hivyo. Programu nayo ina kampuni, na kampuni hujibu. Mwaka 2022 kampuni tanzu za Charles Schwab, kampuni kubwa ya uwekezaji ya Marekani, zilikubali kulipa dola milioni 187 kumaliza shauri la SEC kuhusu huduma yao ya uwekezaji wa kiotomatiki. SEC ilidai, nao hawakukiri wala kukana, kwamba hawakuwaeleza wateja kwamba sehemu ya mali iliyowekwa kama fedha taslimu ingepunguza faida yao katika hali nyingi za soko, huku kampuni ikinufaika na fedha hizo. Mwaka 2024 kampuni mbili ndogo, Delphia na Global Predictions, zilitozwa jumla ya dola 400,000 kwa kudai zinatumia akili bandia kwa namna ambayo hazikuwa zikiitumia. Tazama kisa cha Schwab: programu ilitii maagizo, na tatizo lilikuwa katika maagizo. Fundi atasema mtu yumo ndani ya mashine, nami namwambia ndiyo, na mara nyingine ndiye wa kuogopwa.

#17 Wakili Mstaafu

Nakubali kwamba kampuni hujibu, lakini tazama muda. Shauri ulilolitaja lilihusu mambo yaliyoanza mwaka 2015 na likamalizika 2022. Mjane anahitaji mtu wa kumwuliza Jumatatu ijayo.

#18 Tarakimu

Niongeze moja linalonisumbua, mimi niliyeanza kwa kutetea hesabu. Mwanauchumi Harry Markowitz, ambaye makala yake ya mwaka 1952 kuhusu kusambaza mali ndiyo msingi wa programu zote hizi na ikampa Tuzo ya Nobel mwaka 1990, alieleza kwamba alipoanza kuweka akiba yake ya uzeeni aligawa nusu kwa nusu kati ya hisa na hati fungani. Hakutumia kanuni yake mwenyewe. Alitaka asijute sana soko likipanda bila yeye kuwamo, wala likianguka naye akiwamo. Ikiwa aliyebuni hesabu aliiweka kando kwa ajili ya majuto yake ya baadaye, basi majuto ni sehemu ya takwimu, na sijaona safu yake katika jedwali lolote.

#19 Jicho la Tatu

Safu hiyo ina upande wa pili. Watafiti Dietvorst, Simmons na Massey walionyesha mwaka 2015 kwamba watu wakiiona mashine ikikosea, huipotezea imani upesi kuliko wanavyompotezea mtu aliyekosea vilevile, hata kama mashine bado inamshinda mtu huyo kwa usahihi. Utafiti wao uliofuata uligundua kwamba ukimruhusu mtu aguse jibu la mashine kidogo tu, anakuwa tayari zaidi kulitumia. Pengine hiyo ndiyo kazi Kalamu anayoitafutia jina. Mshauri ni yule anayesogeza jibu la mashine kidogo ili mwenye mali akubali kuishi nalo.

#20 Nahodha Mzee

Miaka yote ile, kumbe nilikuwa msogezaji. Ahsante, nitaliweka kwenye kadi yangu.

#21 Mpita Njia

Hata hivyo washauri wenyewe wanatumia mashine hizohizo. Morgan Stanley waliwapa washauri wao msaidizi anayetumia GPT-4, programu ya akili bandia, mwaka 2023, anayewatafutia majibu katika maktaba ya nyaraka za benki. Kalamu, umemwuliza mshauri wenu kama ule ushauri wa miezi sita haukutoka huko?

#22 Kalamu Nyeusi

Nilikuwa sijamwuliza, lakini mama alimwuliza tulipokwenda mara ya pili. Aligeuza kioo cha kompyuta kuelekea upande wetu bila kusitasita. Anatumia programu, tena mpango uliokuwamo ulifanana na wangu karibu kila mstari. Uliotofautiana ni mmoja tu: zile hisa ziuzwe kwa mafungu manne, na fungu la kwanza lisiuzwe kabla ya miezi sita kupita. Mstari huo aliuandika yeye. Nilipomkumbusha kwamba katika miezi hiyo kampuni ile inaweza kuanguka na nusu ya mali ikaanguka nayo, alisema anajua, na kwamba alimweleza mama hatari hiyo nilipokuwa nimetoka kuegesha gari vizuri. Mama akathibitisha kwamba ni kweli.

#23 Fundi Msimbo

Ungeiambia programu kwamba mama hayuko tayari, ingegawa mauzo kwa mafungu manne pia.

#24 Bi Subira

Angeiambia vipi, Fundi, ikiwa mwenyewe hakujua mpaka mama alipozungumza saa nzima?

#25 Kalamu Nyeusi

Mama amesoma uzi huu wote jana usiku kwa miwani yangu. Anawashukuru. Anamwomba Tarakimu airudie hesabu yake, kwa kuwa miaka 30 anaona si yake, na tena yeye atakuwa akitoa fedha kila mwaka.

#26 Tarakimu

Ana haki, na nilipaswa kuliona hilo mwenyewe. Tuchukue miaka 15, mtaji wa 100, ukuaji uleule wa asilimia 6 kabla ya ada, na mama akitoa 4 kila mwisho wa mwaka. Kwa ada ya asilimia 1 atabakiwa na takriban 122. Kwa ada ya asilimia 0.25 atabakiwa na takriban 140. Tofauti ni 18, yaani ni matumizi yake ya zaidi ya miaka minne. Ni ndogo sana kuliko 103 niliyowatisha nayo, ila si ndogo. Na asisahau kwamba mwaka wa kwanza, kwa kila 4 anazotumia yeye, mshauri anachukua 1.

#27 Nahodha Mzee

Kalamu, mwambie mama aipeleke hesabu hiyo kwa mshauri na amwombe bei ya kazi badala ya asilimia ya mali. Wapo wanaokubali, hasa wakiona mteja amekuja na karatasi. Na miezi sita imebaki mingapi?

#28 Kalamu Nyeusi

Minne na siku kadhaa. Karatasi ameshaiandika, katika ukurasa uliofuata pale baba alipoishia.